Komeo la pili: kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili bila kujifungia nje

Asubuhi moja nikiwa nafua, simu yangu ilichomoka mfukoni ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Niliitoa, nikaifuta, nikaianika. Haikuwaka tena. Jioni nikakaa mbele ya kompyuta ya kuazima, nikaandika anwani yangu ya barua pepe na nenosiri, vyote sahihi kabisa, na ukurasa ukaniomba tarakimu sita kutoka kwenye programu ya kuthibitisha. Programu yenyewe ilikuwa ndani ya ile simu iliyokufa. Hapakuwa na mwizi wala mdukuzi. Nilijifungia nje kwa mikono yangu, na ilinichukua siku tisa za kujaza fomu na kusubiri majibu kabla sijarudi ndani.

Siku hizo tisa ndizo zilizopanga mwongozo huu. Maelekezo mengi huanza kwa kukuambia uwashe, kisha mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, yanakukumbusha kuhifadhi namba za akiba, zile za kuingilia siku simu haipo. Hapa akiba ina sehemu yake, na hairukwi.

Kwa nini nenosiri peke yake halitoshi

Nenosiri ni siri ya watu wawili: wewe na tovuti. Hata ukilitunza vipi, tovuti inaweza kuibiwa, na kama umelitumia lilelile sehemu tatu, anayeliokota anafungua milango mitatu. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililazimika kusimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuingia kwenye mtandao wake. Walipita kwa nenosiri moja la akaunti ya zamani ambayo haikuwa na hatua ya pili. Nenosiri lilipokubali, hakuna kingine kilichoulizwa.

Hatua ya pili hudai kitu cha aina tofauti. Nenosiri ni jambo unalolijua. Cha pili kiwe kitu ulichonacho, kama simu au ufunguo wa USB, au kitu cha mwili wako, kama alama ya kidole au uso. Ndiyo maana swali la "mama yako alizaliwa wapi" halihesabiki kuwa hatua ya pili. Nalo ni jambo la kujua tu, na nusu ya ukoo wako wanalijua.

Utakuta majina mengi: uthibitishaji wa hatua mbili, uthibitishaji wa vipengele vingi, ulinzi wa kuingia. Yasikubabaishe. Ukiona tovuti inaomba kitu baada ya nenosiri, umefika.

1. Tafuta kalamu na karatasi

Sitanii. Kabla hujafungua mipangilio yoyote, weka karatasi mezani. Kisha hakikisha mambo machache:

- Saa ya simu imewekwa ijipange yenyewe kupitia mtandao. Sababu utaiona mbele.
- Simu inafungwa kwa PIN, mchoro au alama ya kidole. Komeo la pili likikaa ndani ya simu isiyofungwa, ni kama kuning'iniza funguo mlangoni.
- Namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti ni zile unazozitumia leo. Hapa wengi hukwama. Namba uliyoacha kuitumia miaka mingi iliyopita huenda kampuni ya simu imeshampa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea meseji zako za uthibitisho.

2. Anza na barua pepe, hata kama huipendi

Watu hukimbilia mitandao ya kijamii kwanza kwa sababu ndiko wanakoshinda. Lakini fikiria kiungo cha "umesahau nenosiri?" Ukikibonyeza kwenye akaunti yoyote, ujumbe unakwenda wapi? Kwenye barua pepe. Aliyeishika barua pepe yako hahitaji kuvunja kingine chochote. Anakaa pale, anaomba nenosiri jipya la akaunti moja baada ya nyingine, na yote yanamjia sandukuni.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: barua pepe, kisha chochote chenye pesa, kisha WhatsApp na mitandao mingine, kisha sehemu unapohifadhi picha na nyaraka. Akaunti ya mchezo wa karata inaweza kusubiri.

3. Chagua aina ya komeo

Hapa tutakaa kidogo, maana makomeo hayalingani.

Meseji ya simu ndiyo inayojulikana zaidi. Unaandika nenosiri, tarakimu zinakuja kwa SMS, unazijaza. Ni rahisi na haihitaji simu ya kisasa. Udhaifu wake ni kwamba meseji inafuata laini, na laini inaweza kuhamishwa. Tapeli akiishawishi kampuni ya simu kwamba yeye ndiye wewe na amepoteza laini, anapewa mpya yenye namba yako, na simu yako inabaki bila mtandao. Agosti 2019 hata Jack Dorsey, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Twitter, alitekwa namba yake ya simu, na watekaji wakaandika watakavyo kwenye akaunti yake mwenyewe.

Programu ya kuthibitisha, kama Google Authenticator, Microsoft Authenticator au Aegis, hutengeneza tarakimu sita ndani ya simu yenyewe. Hazisafiri kwa meseji, kwa hiyo kuhamisha laini hakumsaidii mwizi. Nazo hazihitaji intaneti. Unaweza kuwa umezima data, huna hata mtandao wa simu, na tarakimu zikaendelea kubadilika.

Arifa ya kuidhinisha huja kwenye skrini ikiuliza: "Je, ni wewe unayejaribu kuingia?" Unabonyeza ndiyo au hapana. Ni nyepesi, na wepesi wake ndio mtego, kama tutakavyoona.

Mwisho kuna ufunguo wa usalama, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB au kugusisha nyuma ya simu, pamoja na ndugu yake, ufunguo wa siri unaokaa ndani ya simu au kompyuta na kufunguka kwa kidole au uso. Hizi mbili zina jambo ambalo nyingine hazina: zinajua jina halisi la tovuti. Tapeli akikuletea ukurasa wa bandia unaofanana na wa kweli hadi rangi ya vitufe, macho yako yatadanganyika, lakini ufunguo hautajibu, kwa sababu anwani siyo ile uliyosajiliwa nayo.

Mwaka 2019 Google, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, walitoa hesabu. Tarakimu za SMS zilizuia asilimia 100 ya mashambulizi ya roboti, yaani programu zinazojaribu kuingia zenyewe, asilimia 96 ya ulaghai unaotumwa kwa watu wengi kwa pamoja, na asilimia 76 ya mashambulizi yanayomlenga mtu mmoja mahususi. Arifa ya simu ilifika 100, 99 na 90. Ufunguo wa usalama ulizuia asilimia 100 katika makundi yote matatu.

Soma hesabu hiyo kwa utulivu. Hata SMS, ambayo wataalamu wanaisema vibaya, ilisimamisha karibu kila kitu isipokuwa yule aliyekukusudia wewe. Kama ndiyo pekee inayotolewa na tovuti yako, iwashe leo. Panapokuwa na chaguo, chukua programu. Na kama wewe ni mwandishi wa habari, mhasibu, kiongozi au yeyote ambaye mtu anaweza kumkusudia, tafuta ufunguo. Nunua miwili, mmoja ukae nyumbani.

Kipimo changu ni kimoja: tarakimu unazoweza kuzisoma kwa sauti, unaweza kulaghaiwa ukamsomea mtu. Ufunguo hausomeki.

4. Washa, hatua kwa hatua

Nitachukua akaunti ya Google na programu ya kuthibitisha kama mfano, kwa kuwa tovuti nyingine hufuata njia ileile kwa maneno tofauti kidogo. Ni rahisi zaidi ukiwa na kompyuta mbele yako na simu mkononi.

Pakua programu ya kuthibitisha kutoka kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Tazama jina la mtengenezaji kabla ya kupakua, kwa sababu ziko nyingi za kuigiza zenye nembo zinazofanana.

Kwenye kompyuta, fungua myaccount.google.com, ingia, kisha nenda sehemu ya usalama na utafute uthibitishaji wa hatua mbili. Utaombwa nenosiri tena, hiyo ni kawaida. Chagua kuongeza programu ya kuthibitisha. Mraba wa QR, ule wenye vidoti vyeusi na vyeupe, utatokea kwenye skrini.

Kwenye simu, fungua programu, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua kuchanganua msimbo wa QR, na uielekeze kamera kwenye mraba. Mara moja utaona jina la akaunti yako na tarakimu sita chini yake, pembeni kukiwa na kiduara kinachopungua taratibu. Kiduara kinahesabu sekunde 30. Kikiisha, tarakimu zinabadilika.

Rudi kwenye kompyuta, zijaze, thibitisha. Kiduara kikiwa kimebaki kipande chembamba, usikimbizane nacho. Subiri tarakimu mpya, una nusu dakika nzima.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya ule mraba mlikuwa na siri ndefu. Sasa simu yako na seva ya Google zote zinayo, na kila moja inaichanganya siri hiyo na saa ya sasa kwa kanuni moja iliyochapishwa kama kiwango cha wazi mwaka 2011. Siri ni moja, saa ni moja, jibu ni moja. Hakuna aliyemtumia mwenzake chochote, na ndiyo maana intaneti haihitajiki. Na ndiyo maana nilikuambia uangalie saa: simu iliyochelewa dakika chache itatoa tarakimu sahihi za wakati uliokwisha kupita, nawe utabaki ukilaumu programu bure.

Kutokana na hilo, mraba wa QR usipigwe picha ya skrini ukaachwa kwenye picha zako. Anayeupata anatengeneza tarakimu zilezile kila sekunde 30, na wewe hutajua.

5. Namba za akiba, sasa hivi, kabla hujainuka

Kwenye ukurasa uleule kuna sehemu ya namba za akiba. Google hutoa 10 kwa mkupuo, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ukiomba seti mpya, ya zamani inakufa yote.

Ziandike kwenye karatasi kwa mkono. Juu yake andika jina la huduma na tarehe, usiandike nenosiri. Iweke pale unapoweka vyeti au hati nyingine ambazo hutaki zipotee. Kama una mtu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine, nakala ya pili ikae kwake.

Usizihifadhi ndani ya barua pepe ileile unayoilinda. Najua inachekesha, lakini ndivyo nilivyokuwa nimefanya. Siku ya ndoo nilikuwa na namba zangu zote 10 zikiwa salama salimini, kwenye rasimu, ndani ya akaunti ambayo sikuweza kuifungua.

Ukiweza, sajili pia kifaa cha pili: simu ya zamani inayokaa kabatini, kishikwambi, au ufunguo wa usalama. Baadhi ya programu pia hukuwezesha kuhifadhi siri zako kwenye akaunti ya mtandaoni. Google Authenticator ilianza kufanya hivyo mwaka 2023. Inaokoa siku simu ikifa, ila sasa akaunti hiyo ya kuhifadhia ndiyo yenye makomeo yako yote, kwa hiyo ilinde kuliko nyingine.

6. WhatsApp ina mambo yake

Ujumbe unaingia kutoka kwa mtu unayemfahamu, jina lake, picha yake: "Samahani dada, kuna tarakimu sita zimekuja kwako kimakosa, nisomee basi haraka." Unaziona kweli, zimeingia sasa hivi kwa SMS. Unamsomea. Dakika moja baadaye WhatsApp inakutoa nje.

Rafiki yako hakukuandikia. Akaunti yake ilitekwa mapema, na mtekaji anapita kwenye orodha ya marafiki zake mmoja baada ya mwingine. Tarakimu zile zilikuwa za kusajili namba *yako* kwenye simu *ya mtekaji*.

Kinga yake iko kwenye Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Unaweka PIN ya tarakimu sita unayoijua wewe tu, kisha unaongeza barua pepe. Kuanzia hapo, hata mtu akizipata zile tarakimu za SMS, ataulizwa PIN. Usiiruke barua pepe: ukiisahau PIN na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kusajili upya bila hiyo PIN. WhatsApp itakuuliza PIN mara mojamoja hata usipobadilisha simu. Inakera, lakini inafanya hivyo ili usiisahau.

Ukiwa umeshatekwa, sajili namba yako upya mara moja kwa tarakimu mpya za SMS. Hata kama mtekaji ameweka PIN yake na wewe unalazimika kusubiri zile siku 7, yeye anatolewa nje papo hapo, na hiyo inawaokoa marafiki zako.

7. Ifunge laini pia

Hili halisemwi vya kutosha. Mwizi wa simu hahitaji kuifungua simu yako. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, na meseji za uthibitisho zinaanza kumjia yeye. Kwenye mipangilio ya usalama ya simu kuna PIN ya laini. Ukiiwasha, laini ikihamishwa au simu ikizimwa na kuwashwa, inadai PIN.

Tahadhari: kuiwasha kunadai PIN ya mwanzo iliyotoka na laini, mara nyingi imechapwa kwenye kadi ilimochomolewa laini. Usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inajifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia laini iliyojifunga, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa moja kwa moja. Kama kadi ilishapotea, wasiliana na kampuni yako ya simu kwanza. Na PIN hii haimzuii tapeli anayeihamisha namba kwa kuidanganya kampuni ya simu yenyewe. Dhidi ya huyo, jibu ni kuacha kutegemea SMS.

8. Arifa usiyoiomba ni habari

Septemba 2022 kijana mmoja aliingia kwenye mifumo ya Uber. Nenosiri la mkandarasi wa kampuni hiyo alikuwa nalo, kilichobaki ni idhini ya simu. Akajaribu kuingia tena na tena, na kila jaribio likapeleka arifa kwa mkandarasi. Mwanzo alizikataa. Mwishowe akaikubali moja.

Mtu aliyechoka hubonyeza ili simu inyamaze. Tangu Mei 2023 Microsoft imefanya kuwa lazima kwa arifa za programu yake kwamba uandike namba unayoiona kwenye skrini unakoingilia. Asiyeiona namba hawezi kukubali kwa bahati mbaya. Huduma yako ikikupa chaguo hilo, liwashe.

Kwa vyovyote, arifa au tarakimu zikija wakati hujaingia popote, kuna mtu anajaribu kuingia, na huenda ameshalipata nenosiri lako na amekwama mlangoni. Kataa, fungua tovuti mwenyewe kwa kuandika anwani yake, ubadilishe nenosiri. Usifuate kiungo kilichoambatana na ujumbe, na usimpigie anayejitambulisha kuwa mhudumu. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji tarakimu zako.

9. Kisichozuiwa na haya yote

Ukishaingia, kivinjari kinapewa kama kikadi cha ruhusa ili usiulizwe kila ukurasa. Programu chafu uliyoipakua ukidhani ni toleo la bure la kitu fulani inaweza kukiiba kikadi hicho, na mwizi akaingia nacho bila kuulizwa nenosiri wala tarakimu. Ukishuku hivyo, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia, uvitoe vyote, kisha ubadilishe nenosiri ukitumia kifaa kingine kilicho safi. Kwenye kompyuta ya watu, usiweke tiki kwenye "kumbuka kifaa hiki".

10. Siku ya kubadilisha simu

Usiifute simu ya zamani kabla mpya haijafanya kazi. Hamisha akaunti kwa kipengele cha kuhamisha kilicho ndani ya programu, ingia angalau kwenye akaunti mbili kwa kutumia tarakimu za simu mpya, ndipo uifute ile ya zamani. Wengi hufanya kinyume, wakiwa na haraka ya kuiuza.

11. Jaribu kabla hujahitaji

Acha akaunti ikiwa wazi kwenye kompyuta, usitoke. Pembeni fungua dirisha la faragha la kivinjari, ingia upya kana kwamba simu imepotea. Tovuti ikidai tarakimu, chagua njia nyingine, kisha namba ya akiba, na uiandike kutoka kwenye karatasi yako. Ikikataa, bado uko ndani kwenye dirisha lile lingine na unaweza kutengeneza seti mpya bila kumwomba mtu.

Mimi nilifanya hivyo siku ileile nilipoirudisha akaunti yangu. Namba ya kwanza ilikubali, nikaikata kwa kalamu. Zimebaki tisa.